Habari Iliyotungwa na Mashine: Je, Kuitia Alama Kwatosha?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twapenda katika somo hili kuzungumza na ndugu zetu juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kabla hatujajiandaa kulipokea. Zamani habari ilitufikia kwa mdomo wa mtu, au kwa kalamu ya mtu, au kwa sauti ya mtu katika redio. Leo ziko habari ambazo hakuna mtu aliyezitunga. Zimetungwa na mashine iitwayo akili bandia, kisha zikatiwa gazetini au katika simu, nasi twazisoma kama tusomavyo habari nyingine. Baadhi ya magazeti huziandikia alama ya kumjulisha msomaji ya kwamba hii ni kazi ya mashine. Mengine hunyamaza kimya.

Maswali yaliyo mbele yetu ni matatu. La kwanza: je, ni wajibu kuweka alama hiyo? La pili: ikiwekwa, yamfanya nini msomaji katika kuamini kwake na katika kuangalia kwake? La tatu: ikisha kuwekwa, je, kazi imekwisha? Tutayachukua moja baada ya moja, na tutaona ya kwamba elimu ya wazee wetu katika mambo ya mapokezi ya habari yaweza kutuangazia njia hata katika mambo haya mapya.

CHOMBO KIBEBACHO NA CHOMBO KIZAACHO

Yafaa kwanza tuijue mashine yenyewe, kwani kulihukumu jambo ni tanzu ya kulifahamu. Maulamaa waliotangulia walipoulizwa juu ya habari ya mwandamo wa mwezi iliyoletwa kwa simu ya maandishi, na baadaye kwa redio, walibishana sana. Lakini ubishi wao wote ulikuwa juu ya chombo kinachobeba maneno ya mtu. Nyuma ya waya alikuwako mtu, na swali lilikuwa: mtu huyo ni nani, na twamjuaje?

Mashine ya leo ni namna nyingine. Imelishwa maandishi mengi mno yaliyoandikwa na watu, ikajifunza ni neno gani aghlabu hufuata neno gani. Ukiiuliza jambo, hukuundia jawabu neno baada ya neno kwa kufuata yale yaliyoelekea zaidi. Ndiyo maana maneno yake huwa laini na yenye mpango mzuri, yawe kweli au yasiwe kweli. Mashine haikusikia wala haikuona, na wala haijui kwamba yasema kweli au yasema uwongo. Ikipewa hesabu sahihi na ikasimamiwa vyema, yaweza kuandika habari sahihi. Ikiachiwa peke yake, yaweza kumbuni mtu ambaye hakuzaliwa na kitabu ambacho hakikuandikwa, kwa ufasaha ule ule.

Basi chombo hiki hakibebi ushahidi tu, bali chaweza kuzaa habari isiyokuwa na shahidi. Msomaji aishike tofauti hii, kwani juu yake ndipo litakapojengwa somo letu lote.

NAFAKA ILIYO JUU NA NAFAKA ILIYO CHINI

Tuje katika swali la kwanza. Imam Muslim amepokea ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akalikuta rundo la chakula cha nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule alijibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamtaka sababu ya kutokuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akabainisha ya kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake.

Tuyazingatie mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, yule mtu hakukatazwa kuuza nafaka iliyorowa. Alilaumiwa kwa kuificha. Pili, hakuambiwa aiseme kwa atakayeuliza. Aliambiwa aiweke juu, mahali ambapo jicho la mnunuzi litaifikia bila ya kuitafuta.

Na gazeti ni duka, na habari ni bidhaa, na msomaji ni mnunuzi. Huko Marekani, katika Novemba 2022, CNET walianza kuchapisha makala za mambo ya fedha zilizotungwa na mashine. Juu yake waliandika jina lililoonyesha kana kwamba ni kazi ya watumishi wao wa idara ya fedha. Maelezo ya kwamba ni kazi ya mashine yalikuwapo, lakini hayakuonekana ila kwa mtu aliyelibonyeza lile jina. Jambo lilipofichuka katika Januari 2023, walizipitia makala zote 77, na 41 miongoni mwake zikahitaji kusahihishwa. Je, hii siyo nafaka kavu juu na nafaka mbichi chini? Katika mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, ilidhihirika ya kwamba katika kurasa za Sports Illustrated, jarida la michezo lenye jina kubwa, zimo makala zenye majina ya waandishi wasiokuwako duniani, na picha za nyuso zao zimetengenezwa na mashine. Jarida lilizifuta, na wenye kuliendesha wakasema makala zile walizinunua kwa kampuni nyingine.

Kwa hiyo jawabu la swali la kwanza ni wazi. Kudhihirisha ni wajibu, na kuficha ni ghushi. Serikali nazo zimeanza kuliona hili. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya akili bandia, iliyoingia katika nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inamo katika kifungu chake cha 50 amri ya kudhihirisha maandishi yaliyotungwa na mashine kwa ajili ya kuwajulisha watu mambo yao ya hadhara. Uchina nayo ina kanuni za kutia alama zilizoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025. Nasi twasema: yaliyoamrishwa na sheria hizo katika zama zetu yalikwisha amrishwa sokoni Madina.

ALAMA YAMFANYA NINI MSOMAJI?

Hapa ndipo penye swali la pili, na jawabu lake si jepesi kama la kwanza. Mtu aweza kudhani ya kwamba muuzaji akisema kweli, mnunuzi humwamini zaidi. Lakini wataalamu walioupima mwenendo wa wasomaji wamekuta mara nyingi kinyume cha hivyo.

Benjamin Toff na Felix Simon waliwapa wasomaji wa Kimarekani habari zilizotungwa na mashine, wengine wakaambiwa hivyo na wengine wasiambiwe. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2023 walikuta ya kwamba walioambiwa waliliamini gazeti hilo kidogo kuliko wenzao, ilhali walipoulizwa juu ya habari yenyewe hawakuiona kuwa ina makosa zaidi wala upendeleo zaidi. Aliyesema kweli ndiye aliyepata hasara! Na upungufu huo wa imani ulikuwa zaidi kwa wale waliokuwa wakiyaamini magazeti tangu awali na wenye kuijua kazi ya uandishi. Lakini wasomaji walipoonyeshwa orodha ya asili ambazo habari ilichimbuliwa, hasara ile ilipungua. Tulishike neno hili, tutalirudia.

Sacha Altay na Fabrizio Gilardi, katika utafiti uliotoka mwaka 2024, waliwajaribu watu 4,976 katika Marekani na Uingereza kwa vichwa vya habari. Kichwa kilichotiwa alama ya akili bandia kilionekana kuwa na kweli kidogo, na watu walipungukiwa na hamu ya kukipeleka kwa wengine. Ilikuwa hivyo hata pale kichwa chenyewe kilipokuwa cha kweli, na hata pale kilipokuwa kimeandikwa na binadamu na kikatiwa alama ile kwa ajili ya majaribio tu. Ni kweli athari hiyo haikuwa kubwa. Ilikuwa kiasi cha thuluthi ya athari ya alama isemayo kwamba habari ni ya uwongo. Na sababu yake waliikuta: wasomaji walidhani ya kwamba alama ile maana yake ni mashine kuifanya kazi yote peke yake bila ya mtu.

Ama katika kuangalia, yaani kule kuvutwa kwa jicho na moyo, liko jambo jingine. Gilardi na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Zurich waliwapa watu 599 wa Uswisi makala, baadhi zimeandikwa na waandishi, baadhi zimetungwa na mashine. Kabla ya kuambiwa, watu waliziona zote kuwa sawa kwa uzuri. Walipoambiwa, wale waliopewa za mashine walipata hamu zaidi ya kuendelea kuisoma makala ile ile. Lakini hawakuwa na hamu zaidi ya kusoma habari za mashine siku za mbele. Ugeni wa kitu humvuta mtu, kisha humchosha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mvuto wa kioja si dalili ya wema wa bidhaa.

Liko na la tatu, nalo ndilo la hatari zaidi. Mwaka 2020, Gordon Pennycook na wenziwe walitoa utafiti juu ya alama za kutahadharisha habari za uwongo. Walikuta ya kwamba baadhi ya habari zikitiwa alama na nyingine zikaachwa, zile zilizoachwa huonekana kuwa kweli zaidi, ingawa nazo ni za uwongo. Msomaji hujiambia: kama hii ingekuwa mbovu, wangeiandikia. Utafiti huo haukuwa juu ya akili bandia, lakini mwenye akili ataiona hatari iliyo mbele yetu. Mwaminifu ataitia alama habari yake, na watu watamtilia shaka. Mwongo hataitia alama yake, na watu watamwamini. Soko la namna hii humwadhibu mkweli na kumlipa mghushi.

KASORO IKO WAPI?

Je, tuseme basi alama iondoshwe? Hasha. Wajibu hauondoki kwa sababu watu wameupokea vibaya. Lakini yatupasa tuijue kasoro ilipo, nayo ni hii: alama hutuambia habari imetungwa na nini, isituambie ni nani aliyeidhamini.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa undani. Imam Muslim (aliyefariki mwaka 261 H., yaani 875) amepokea katika utangulizi wa Sahihi yake kauli ya Muhammad bin Sirin (aliyefariki mwaka 110 H., yaani 729) ya kwamba watu hapo kwanza hawakuwa wakiuliza juu ya isnadi, na ilipotokea fitina ndipo walipoanza kutaka watajiwe watu waliopokea. Hawakutosheka kuambiwa ya kwamba habari imetoka kwa binadamu. Walitaka jina lake, na mwalimu wake, na hifadhi yake, na ukweli wake. Pakazaliwa elimu nzima ya kuwachungua wapokezi, na vitabu vikubwa vikaandikwa, kama vile Mizan al-I'tidal cha Imam Dhahabi.

Na wakawa na jina maalumu kwa mwenye kuficha: mudallis, yaani mpokezi ambaye humdondosha mtu katika silsila ili habari ionekane imara kuliko ilivyo. Wala hawakuwatia wote katika kapu moja. Hafidh Ibn Hajar aliwapanga katika daraja 5. Wako ambao kuficha kwao kulikuwa kwa nadra na hakukuzuia mapokezi yao, na wako ambao habari yao haikukubaliwa mpaka waseme wazi ni nani waliyemsikia. Tazama adili hiyo! Linganisha na alama zetu za leo, ambazo kwa neno moja tu humweka aliyetumia mashine kusahihisha tahajia pamoja na aliyeiachia mashine itunge habari yote.

Kadhalika walipomkuta mpokezi asiyejulikana, majhuli, hawakuifanya habari yake kuwa hoja, wala kwa ujinga wao wa hali yake peke yake hawakumwita mwongo. Walisimama mpaka wajue. Kusimama huku ndiko kulikokosekana kwa wasomaji wa leo. Wakiona alama wanakataa hata kweli, na wasipoona alama wanakubali hata uwongo.

Na Qur'ani imetufunza njia ya katikati. Katika aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa ya kwamba akitujia fasiki na habari, tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Hatukuamrishwa tuikatae habari ya fasiki. Tumeamrishwa tuichungue. Basi ikiwa hii ndiyo hukumu ya habari ya fasiki, ambaye ana akili na atasimama mbele ya Mola wake, vipi habari ya chombo kisichokuwa na dhima wala hesabu? Nayo haikataliwi kwa kuwa ni ya mashine, wala haikubaliwi kwa ufasaha wake. Huchunguliwa.

MIFANO MIWILI

Ili jambo hili lifahamike vyema, tutaleta mifano miwili kutoka Marekani.

Gazeti la Los Angeles Times lina mashine iitwayo Quakebot, ambayo hupokea taarifa za matetemeko ya ardhi kutoka idara ya serikali na kuziandika habari. Tarehe 17 Machi 2014 tetemeko lilitokea asubuhi, na habari ikatoka kwa muda wa dakika 3 hivi, nayo ilisema wazi kwamba imetungwa na mashine. Tarehe 21 Juni 2017 mashine hiyo ikatangaza tetemeko kubwa la nguvu ya 6.8 karibu na Santa Barbara. Halikuwako! Idara ilikuwa ikisahihisha kumbukumbu za tetemeko la tarehe 29 Juni 1925, na taarifa ya miaka 92 nyuma ikatoka kana kwamba ni mpya. Mashine iliandika kwa uaminifu kile ilichopewa. Haikuweza kufungua dirisha na kutazama kama nyumba zimeanguka. Lakini kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa dhahiri, na mwenye dhamana yake anajulikana, kosa lilijulikana na kusahihishwa siku ile ile.

Wa pili: tarehe 18 Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoka na nyongeza iliyonunuliwa kwa kampuni nyingine, na ndani yake orodha ya vitabu 15 vya kusomwa wakati wa joto. Waandishi waliotajwa ni watu wa kweli na mashuhuri, lakini vitabu 10 katika hivyo havikuwako duniani. Mtayarishaji aliitumia mashine na hakuhakikisha, na kampuni iliyouza haikuhakikisha, na gazeti lililochapisha halikuhakikisha. Na alama haikuwako.

Katika mfano wa kwanza palikuwa na alama na mdhamini. Kosa likaishi saa chache. Katika wa pili hapakuwa na alama, na kila mmoja alidhani dhamana i juu ya mwenziwe; kosa likafika mezani kwa wasomaji. Inafaa pia kujua ya kwamba ile sheria ya Ulaya tuliyoitaja imewasamehe wajibu wa alama wale ambao maandishi yao yamepitiwa na binadamu, na yuko mtu au chama kilichobeba jukumu la uhariri. Maana yake ni kwamba hata watunga sheria wamekiri ya kuwa kitu kinacholetea imani ni dhamana. Lakini sisi twaona yafaa zaidi vyote viwili vikutane: alama iwepo, na jina la mdhamini liwepo.

Mwandamo wa mwezi ni mfano ulio karibu nasi zaidi. Imesimuliwa ya kwamba bedui alimjia Mtume (s.a.w.) akasema ameuona mwezi, na Mtume akamuuliza juu ya shahada zake mbili kwanza, kisha ndipo alipoamrisha watu watangaziwe kufunga. Hata leo, mwezi wa Ramadhani unapokaribia, watu wa mji huuliza: ameuona nani, na wapi, na Kadhi amemkubali? Hakuna hata mmoja wetu atakayefungua saumu yake kwa maneno mazuri yasiyo na shahidi. Basi kwa nini twakubali kwa wepesi habari za damu za watu, na heshima zao, na mali zao?

KATIKA MAMBO YA DINI

Ndugu msomaji, lau jambo hili lingekoma katika vitabu vya Chicago, tusingelishughulikia kiasi hiki. Lakini mashine ile ile huulizwa leo juu ya tahara na talaka na mirathi. Nayo hujibu kwa Kiswahili kizuri, ikataja jina la Imam, na jina la kitabu, na hata nambari ya hadithi. Pengine hadithi iko, na pengine haiko. Huko New York, katika Juni 2023, mawakili walitozwa dola 5,000 na hakimu kwa kumpelekea hukumu za kesi ambazo hazikutokea kabisa, zilizobuniwa na mashine. Ikiwa mawakili waliosoma walidanganyika katika fani yao wenyewe, atasalimika vipi mtu wa kawaida katika fani asiyoisoma?

Na hatari hapa ni kubwa mno, kwani kumzulia Mtume (s.a.w.) neno ambalo hakulisema si kama kumzulia mtu mwingine. Ahadi ya moto juu ya jambo hilo imepokewa kwa njia nyingi mpaka ikafika daraja ya mutawatiri. Atakayesema: mimi sikuzua, nimepeleka tu kama nilivyoletewa katika WhatsApp, na akumbuke hadithi aliyoipokea Imam Muslim ya kwamba chamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alichokisikia. Kidole kinachopeleka ni ulimi.

Tena kati yetu iko methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Watu wengi wameifanya kuwa hoja ya kuubebea kila uvumi. Methali hii ni ya kuachwa. Wazushi wa zama za Mtume walimsema Bibi Aisha (r.a.), na lililosemwa halikuwako wala halikuja, na Mwenyezi Mungu akamtakasa katika Sura ya An-Nur na akawalaumu Waumini waliolipokezana ulimi kwa ulimi. Kama waliosikia kutoka kwa watu walilaumiwa, basi anayepokezana kutoka kwa chombo kisicho na ulimi ana udhuru gani?

Wala tusije tukaangukia upande wa pili, wa kukanusha kila kitu. Robert Chesney na Danielle Citron, walimu wa sheria wa Marekani, wamelitaja jambo waliloliita faida ya mwongo. Nalo ni kwamba watu wakisha kuzoea kuwa picha na sauti zaweza kutengenezwa, mwovu aliyenaswa kwa ushahidi wa kweli hupata pa kutokea, akasema: hii nayo ni ya mashine. Anayekataa kila habari humsaidia dhalimu kama amsaidiavyo yule anayeamini kila habari.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa mukhtasari twawausia ndugu zetu mambo matano:

1. Tukiona alama ya mashine, tusimame tuchungue. Tusikatae kwa haraka, na wala tusiendelee kusoma kwa sababu ya ugeni wake tu.

2. Tusipoona alama, tusidhani ya kwamba tumesalimika. Kutokuwepo kwa alama si dalili ya kuwepo kwa mtu.

3. Katika kila habari tuulize maswali ya watu wa isnadi: ameandika nani? Amepata wapi? Yuko nani atakayejibu ikiwa ni uwongo? Habari isiyo na hata jawabu moja katika hayo, tusiipeleke mbele.

4. Hadithi yoyote iliyotoka katika mashine isitajwe katika darasa, wala mimbarini, wala katika makundi ya simu, mpaka ionekane katika kitabu chenyewe au iulizwe kwa mwanachuoni ajulikanaye. Na swali la talaka au mirathi lipelekwe kwa Kadhi au kwa sheikh, kwani huko ndiko kwenye dhima.

5. Sisi wenyewe, tukiitumia mashine katika kuandika tangazo au risala au hotuba, tuseme kiasi tulichotumia, na tuweke jina letu chini yake kama mdhamini. Nafaka yetu iliyorowa nasi tuiweke juu.

Hivyo jawabu la swali la tatu limekwisha dhihiri. Alama ni wajibu, lakini alama ni mlango, na nyumba iko ndani. Asiyetaka kuingia na kuchungua, haitamfaa alama hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

MASWALI YA DARASA

1. Kuna tofauti gani baina ya habari iliyobebwa na chombo na habari iliyozaliwa na chombo? Toa mfano wa kila moja.
2. Kwa nini mwenye nafaka alilaumiwa, na vipi kisa chake chahusu mahali inapowekwa alama katika gazeti?
3. Wasomaji walioonyeshwa asili za habari, imani yao katika gazeti haikupungua sana. Eleza jambo hili kwa elimu ya isnadi.
4. Mtu amekuletea habari ya kumvunjia heshima jirani yako, haina jina la mwandishi wala alama. Utafanya nini, na dalili yako ni ipi?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Na atuhifadhie ndimi zetu na vidole vyetu. Wabillahi tawfiki.